UZI: Ukuta wa jukwaa wenye moduli 1,500 za LED za rangi (WS2811, 12V): tupange umeme na data kabla ya kushika lehemu

#1 · kibao_cha_taa

Wakuu, heshima kwenu. Kuna ukuta wa nyuma ya jukwaa la ukumbi, upana mita 6, kimo mita 2.5. Mpango ni kuweka moduli za LED ambazo kila moja inapewa rangi yake, zikipishana sentimita 10 kila upande. Mistari 25, kila mstari moduli 60, jumla 1,500. Moduli ni zile za mabango zenye LED tatu na chipu ya WS2811, 12V, mnyororo mmoja moduli 20. Kontrola ni ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta) yenye programu ya WLED, inayoendesha taa.

Naomba kujua: pawa sapulai ngapi, waya wa unene gani, na je, kontrola moja inatosha? Kuna wanaonishauri niachane na hizi nichukue WS2812B za 5V kwa sababu ya bei. Karibuni.

#2 · Ampea_Tatu

Hilo la 5V tulimalize kwa hesabu, maana likishafungwa ukutani halibadiliki.

Mstari wa moduli 60, ukiacha waya kidogo wa kupinda, una urefu wa mita 7.2 hivi. Nyaya nyingi za mnyororo ni AWG 20 (AWG ni kipimo cha unene: namba ikikua, waya ni mwembamba zaidi), na kila mita ina ukinzani wa karibu oumu 0.033. Kwenda na kurudi unapata oumu 0.48. Kwenye nyeupe kamili kila moduli inakula mA 60, kwa hiyo mwanzo wa mstari unapitisha ampea 3.6. Kila moduli ikichukua chake mkondo unapungua, mpaka ya mwisho unabaki wake tu. Ndiyo maana tunagawa kwa mbili: 3.6 × 0.48 ÷ 2 = 0.86V zinazopotelea njiani.

Kwa 12V, moduli ya mwisho inapata 11.1V. LED tatu za bluu zilizofungwa mfululizo zinahitaji kama 9.6V, zina nafasi ya kupumua. Kwa 5V ampea ni zile zile, hasara ni ile ile, ila unabakiwa na 4.1V. Bluu na kijani zinataka zaidi ya 3V na chipu nayo inataka sehemu yake, wakati nyekundu inaridhika na 2V tu. Matokeo yake nyeupe inaanza kuwa ya manjano, halafu ya waridi, kama mtu aliyeona haya. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kubadilisha programu. Programu haina kosa.

Baki na 12V. Ila pima kwanza: chukua moduli 10, ziwashe nyeupe, multimita uiweke mfululizo kwenye chanya. Ukipata karibu 0.6A, hesabu hizi zinasimama. Ukipata 0.9A, rudia kila kitu upya.

#3 · mama_wa_solda

Naongezea hapo hapo kwa Ampea_Tatu. Mnyororo uliofunga AWG 22 badala ya 20 una ukinzani wa oumu 0.053 kwa mita, na hasara inapanda hadi karibu 1.4V. Kwa macho nyaya hizo mbili zinafanana kabisa, kwa sababu ganda linaweza kuwa nene na shaba ndani ikawa nyembamba. Kata kipande, menya, tazama shaba yenyewe. Na ikiwa nyeupe-fedha mpaka ndani ukiikwangua, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, ukinzani wake uko juu zaidi.

Dawa ni kulisha mstari pande zote mbili. Ukifanya hivyo kila upande unabeba nusu ya ampea kwa nusu ya njia, kwa hiyo hasara inashuka hadi robo. Ile 0.86V inakuwa kama 0.2V.

#4 · kibao_cha_taa

Asante dada, asante mkuu. Kwa hiyo 1,500 × 0.72W ni 1,080W. Naweza kuchukua pawa sapulai moja kubwa ya 1,500W nikamaliza?

#5 · Ampea_Tatu

Kinachokuzuia ni waya. 1,080W kwa 12V ni ampea 90. Ampea 90 zikitoka sehemu moja zinahitaji nyaya za kuchomelea vyuma, na kosa moja dogo la mzunguko mfupi linawasha moto kabla pawa sapulai haijashtuka.

Chukua nne za 350W (LRS-350-12 ya Mean Well, kwa mfano, inatoa 12V, 29A). Mistari 25 igawe 6, 6, 6 na 7. Ile ya mistari 6 inabeba 21.6A, ya mistari 7 inabeba 25.2A, na hiyo ni kwenye nyeupe kamili ambayo ukumbini hutaitumia. Nyeupe kamili ya moduli 1,500 hakuna atakayeitazama kwa dakika mbili. Asilimia 30 inatosha.

Mambo mawili ya aina hiyo ya pawa sapulai. Ubavuni ina swichi ndogo ya kuchagua 115V au 230V. Ikikaa 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, unasikia mlio mmoja na kazi imeisha. Iangalie kabla ya kuifunga mahali ambapo huwezi kuiona tena. La pili, haina sakiti ya kurekebisha pawa fakta, hivyo ampea inazovuta ukutani ni nyingi kuliko zile unazopata kwa kugawa wati kwa 230. Kila moja ikibebeshwa mzigo wote inavuta 3.4A. Nne ni 13.6A, na plagi ya pini tatu ina fyuzi ya 13A. Zigawe kwenye soketi mbili za laini tofauti, na ethi ifungwe kwenye ganda la chuma la kila pawa sapulai.

#6 · Luthuli_Tech

Hapo kwa nyaya za kulisha ndipo watu wengi huanguka. Usitoe waya mmoja mnene kutoka pawa sapulai halafu ukaugawa mbele kwa mistari sita. Piga hesabu: waya wa 2.5 mm², mita 3, 21.6A. Ukinzani ni karibu oumu 0.008 kwa mita, kwenda na kurudi mita 6, unapoteza zaidi ya 1V kabla hata hujafika kwa moduli ya kwanza. Sasa peleka waya wa 1.5 mm² kwa kila mstari peke yake: 3.6A × mita 6 × 0.0133 = 0.29V. Shaba inayotumika ni zaidi ya mara tatu, lakini kila mstari una njia yake na fyuzi yake.

Fyuzi ni za gari tu, zile za bapa, 5A kwa kila mstari. Ziko kwa visanduku vya nafasi 6, 8 au 12. Fyuzi inawekwa upande wa pawa sapulai, si upande wa moduli, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya.

Na pawa sapulai zikae nyuma ya ukuta wenyewe, katikati ya mistari zinazoihudumia. Ziache nafasi ya hewa, feni yake isitazamane na ubao.

#7 · kibao_cha_taa

Hapa nina swali. Nikiwa na pawa sapulai nne, chanya zote niziunganishe ili zisaidiane?

#8 · mama_wa_solda

Hapana kabisa. Hakuna mbili zinazotoa volti sawasawa. Moja ikiwa 12.10 na nyingine 11.95, ya kwanza inabeba mzigo wa wote mpaka ichoke. Chanya zitenganishwe. Hasi zote ziunganishwe pamoja, pamoja na hasi ya kontrola, kwenye bamba moja la shaba.

Hii inaamua pia unavyokunja kutoka mstari hadi mstari. Data inatembea kama nyoka: mstari wa kwanza kushoto kwenda kulia, wa pili kulia kwenda kushoto. Kwenye kona pitisha nyaya mbili tu, data na hasi. Waya wa chanya ukate hapo na mwisho wake uufunike. Ukiuacha, siku fyuzi ya mstari mmoja ikikatika, mstari huo unaanza kunyonya umeme wa jirani kupitia kona, fyuzi ya jirani nayo inakatika, na unabaki unatafuta mzunguko mfupi ambao haupo.

#9 · Bit_na_Baiti

Tuje kwenye data, maana hapa ndipo lawama za bure nyingi zinapoangukia moduli.

Moduli ni ya 12V lakini data yake ni 5V. ESP32 inatoa 3.3V. Chipu za ukoo huu zikiwa kwenye 5V zinataka data ifike kama 3.5V ndipo ziihesabu kuwa juu, yaani 1. Kwa hiyo 3.3V iko pembeni mwa shimo. Mezani, na waya wa sentimita 20, inafanya kazi vizuri tu. Ukutani, na waya wa mita 2, inaanza kumetameta. Weka bafa ya 74HCT245, chipu ya kupandisha volti za data. Yenyewe inakubali 2V kuwa juu na inatoa 5V safi. Ina njia nane. Pini ya 19 iende hasi, pini ya 1 iende 5V, pini ya 20 ni umeme wa 5V na ya 10 ni hasi, na kati ya hizo mbili za mwisho weka kapasita ndogo ya 104 (nanofaradi 100) karibu kabisa na chipu. Njia za kuingilia usizozitumia zifunge kwenye hasi, zisiachwe zikielea. HC bila T haitakusaidia, inataka 3.5V kama moduli zenyewe. Soma herufi zote zilizoandikwa mgongoni.

Kila njia ya kutoka iwe na rezista ya oumu 33 hadi 100. Waya wa data uusokote pamoja na hasi yake mpaka moduli ya kwanza. Waya wa mtandao wa Cat5 unafaa: katika kila jozi moja, uzi mmoja data, wa pili hasi. Kutoka bafa hadi moduli ya kwanza usizidi mita 3 hadi 5. Zaidi ya hapo weka jozi ya vipitishi vya RS-485, vya kupeleka data mbali. Baada ya moduli ya kwanza usiwe na wasiwasi, kwa sababu kila chipu inaitengeneza data upya kabla ya kuipa inayofuata. Umbali unaohesabika ni kati ya moduli na moduli tu.

#10 · Bit_na_Baiti

Nimesahau kuhusu kasi. Moduli moja inataka biti 24, kila biti maikrosekunde 1.25, jumla 30. Ukizifunga zote 1,500 kwenye pini moja, picha moja inachukua milisekunde 45, yaani picha 22 kwa sekunde. Rangi za kutulia hazitalalamika, lakini maandishi yanayokimbia yataruka ruka. Gawa pini tano, kila moja mistari 5, moduli 300: milisekunde 9. Mgawanyo wa data si lazima ufanane na mgawanyo wa umeme, hasi ikiwa ni moja.

Zipo pia moduli za zamani zinazokwenda nusu ya kasi, 400 kHz. Dalili yake ni rangi za ovyo kuanzia moduli ya kwanza hata bafa ikiwa sawa. WLED ina chaguo lake, ijaribu kabla ya kurudisha mzigo dukani.

Kwa pini: 34 hadi 39 za ESP32 ni za kuingiza tu, 6 hadi 11 zinatumiwa na kumbukumbu yake, na 12 ikivutwa juu wakati wa kuwasha bodi inaweza kugoma kuamka. Ukichukua bodi yenye tundu la waya wa mtandao kama WT32-ETH01, tumia 4, 14, 17, 32 na 33.

#11 · Luthuli_Tech

Na chukua hiyo yenye tundu la waya. ESP32 inatumia Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee, na ukumbi ukijaa, kila mtu ana simu. Ikiwa utatuma picha kutoka kompyuta kwa programu ya xLights, tumia DDP badala ya E1.31 (zote ni njia za kutuma data ya taa kwenye mtandao). E1.31 inabeba moduli 170 kwa pakiti, utahitaji 9 kwa kila picha. DDP inabeba 480, pakiti 4 zinatosha.

#12 · pwani_umeme

Kwa walio Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko kwenye upepo wa chumvi, moduli zikae nje au ndani, maungio ndiyo yanayokufa kwanza. Lehemu, kisha mpira wa kunywea wenye gundi ndani. Na silikoni: ile inayonuka siki usiitumie kwenye shaba. Harufu hiyo ni asidi, nayo inakula waya taratibu ndani ya kifuniko unachodhani kinaulinda. Nunua ya aina isiyo na harufu hiyo, hata ikiwa ghali.

Gundi ya mkanda nyuma ya moduli msiitegemee pia. Joto la moduli lenyewe linailainisha. Tumia tundu la skrubu.

#13 · kibao_cha_taa

Wakuu, orodha niliyoipanga ni hii, nikosoeni:

- Moduli: minyororo 75
- Pawa sapulai 350W 12V: 4
- Kontrola yenye tundu la waya: 1, na kipunguza volti 12V kwenda 5V
- 74HCT245: 1
- Rezista oumu 47: 5
- Kapasita 1000 µF 10V: 4, moja kila pawa sapulai
- Fyuzi 5A: 25
- Waya 1.5 mm²: rola moja ya mita 100

#14 · mama_wa_solda

Kapasita za 10V kwenye laini ya 12V zitavimba na kupasuka. Chukua za 25V. Moduli ongeza minyororo miwili ya akiba kutoka mzigo ule ule, kwa sababu mzigo mwingine unaweza kuja na mwanga tofauti au mpangilio tofauti wa rangi, na kiraka kitaonekana kutoka mlangoni. Fyuzi nunua 40. Waya wa mita 100 unatosha ukiwa wastani wa mita 2 kwa kila mstari, 50 nyekundu na 50 nyeusi. Ukitaka kulisha pande zote mbili, hesabu upya. 74HCT245 chukua tatu pamoja na soketi yake, usiilehemu moja kwa moja. Sababu atakueleza Bit.

#15 · Bit_na_Baiti

Sababu ni hasi. Plagi ya mstari ikichomekwa wakati umeme umewaka, na chanya ikagusa kabla ya hasi, umeme wa mstari mzima unatafuta njia ya kurudi, na njia pekee iliyobaki ni waya wa data. Unapita kwenye moduli ya kwanza, unaingia kwenye bafa, vyote viwili vinakufa. Zima, chomeka, washa. Ukiwa na bafa kwenye soketi unabadilisha kwa dakika moja, na ESP32 imesalimika nyuma yake.

Hasi hiyo hiyo ndiyo inayoleta tatizo lingine ambalo watu hulikisia tu: ukuta unatulia kwenye mwanga mdogo, ukipandisha unaanza kumetameta. Moduli haipimi data kutoka hasi ya kontrola, inaipima kutoka hasi yake yenyewe. Ikiwa waya wa hasi ni mwembamba na ampea ni nyingi, hasi ya moduli inapanda, tuseme 0.8V. Data ya 5V sasa inaonekana 4.2V, bado inapita. Data ya 3.3V bila bafa inaonekana 2.5V, hapo haipiti. Washa nyeupe, weka multimita kwenye volti, ncha moja hasi ya kontrola, nyingine hasi ya moduli ya kwanza. Ukisoma zaidi ya 0.3V, ongeza waya wa hasi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

#16 · Ampea_Tatu

Ukuta ukigoma, anza kwa kutazama mahali unapogomea. Ukiwaka hadi moduli fulani kisha giza, kosa liko kwenye ya mwisho inayowaka au ya kwanza iliyozima, hakuna lingine. Chukua kipande cha waya, ruka kutoka data ya kutoka ya moduli iliyo kabla ya hizo mbili hadi data ya kuingia ya moduli iliyo baada yao. Zilizobaki zikiwaka, badilisha zote mbili, usipoteze muda kutafuta ni ipi. Ukigoma kuanzia moduli ya kwanza, kagua mshale wa njia ya data mgongoni mwa moduli. Ukiingiza data upande wa kutokea hakuna kinachoungua, ila hakuna kinachowaka. Rangi za nyaya zisikuaminishe kitu: kuna minyororo ambayo nyeupe ni hasi na mingine nyeupe ni data. Na ukiomba nyekundu ukapata kijani, huo ni mpangilio wa rangi tu, badilisha kutoka GRB (kijani kwanza) kwenda RGB (nyekundu kwanza) ndani ya WLED.

#17 · kibao_cha_taa

Nimeelewa. Swali la mwisho: taa zikizimwa kwenye simu, niache pawa sapulai zimewaka?

#18 · Luthuli_Tech

Kila chipu inakula mA moja au zaidi hata ikiwa nyeusi. Kwa 1,500 hiyo si chini ya ampea moja na nusu usiku kucha, bila kuhesabu feni. Weka kontakta ya 230V (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) kwenye njia ya pawa sapulai zote nne, iendeshwe na relei, swichi ndogo ya aina hiyo hiyo, iliyo kwenye pini maalumu ambayo WLED inaipa relei. Kontrola iwe na umeme wake mdogo wa 5V, tofauti, isizimike pamoja nazo. Kile kipunguza volti kwenye orodha yako basi hukihitaji.

Swichi ya usalama inayojikata yenyewe (MCB) iwe ya aina C. Pawa sapulai nne zikiamka pamoja zinavuta umeme kwa pigo moja, na swichi ya aina B inaweza kuruka kila umeme unapokatika na kurudi.

#19 · mama_wa_solda

Na kabla hujafunga mistari 25, funga mmoja. Uwashe nyeupe kamili saa moja nzima, pima volti ya moduli ya 60, shika maungio yote kwa kidole. Lenye joto kuliko mengine lilehemu upya. Kisha weka kikomo cha ampea ndani ya WLED, anza na 40,000 mA kwa ukuta mzima, ndipo uendelee na mstari wa pili.